Sikio la Kasian Mgonga Magurudumu

Kabla hajashika nyundo ya reli, Kasian alishajua kusikiliza nyufa.

Alifundishwa na mama yake, Anastazia wa Malolo, mfinyanzi ambaye vyungu vyake vilikuwa na jina mpaka kule bondeni. Vyungu vikishachomwa na kupoa, mama alikuwa anamkalisha chini, anampa kijiti. "Haya, gonga. Kinasemaje?" Kasian anagonga. Chungu kizima kinaimba, ngiii, sauti inazunguka humo ndani kama nyuki. Chenye ufa kinakohoa. Ko! Basi. Hata kama kwa macho hakina kasoro, hata kama kinang'aa kuliko wenzake, ukigonga kikakohoa, kiweke pembeni kitafutiwe kazi ya kuwanyweshea kuku.

"Jicho linadanganyika, mwanangu," mama alikuwa anasema. "Sikio halidanganyiki."

Sasa bwana, Uhuru ukaja, na mwaka uliofuata Kasian akashuka Kilosa kutafuta kazi kama vijana wote wa milimani. Pale stesheni akamkuta fomeni, Bwana Yeremia, mtu mrefu mwenye kofia isiyotoka kichwani hata akioga, ndivyo watu walivyokuwa wanamsema. Bwana Yeremia alikuwa anahangaika na mgonga magurudumu aliyekuwepo, mzee aliyekuwa anaelekea kustaafu. Akamtazama Kasian, akampa nyundo yenye mpini mrefu, akamwambia kwa dharau kidogo, "Haya, wewe mtoto wa milimani, gonga hilo behewa uniambie."

Kasian akagonga gurudumu la kwanza. Ngiii. La pili. Ngiii. La tatu, ko! Akasimama.

"Hili limepasuka."

"Limepasuka wapi? Mzee kashalipitisha hilo."

"Mimi sijui wapi. Ila chungu hiki hakitunzi maji."

Wakacheka hao! Lakini behewa likatolewa, gurudumu likasafishwa grisi na matope, na ufa ukaonekana, mwembamba kama unywele, umejificha ndani kabisa. Bwana Yeremia akavua kofia. Siku hiyo ndipo walipogundua kwamba ana kipara. Na Kasian akapata kazi.

Kazi yenyewe ukiiangalia ni ndogo. Treni ikisimama, Kasian anapita behewa kwa behewa, anagonga kila gurudumu mara moja, anainamisha kichwa, anasikiliza, anaweka alama ya chaki. Tiki, sawa. Msalaba, behewa libaki. Hakuna dereva aliyeondoa treni Kilosa bila chaki ya Kasian. Iwe inakwenda Tabora, iwe inashuka kwenye ile reli ya tawi ya kupita Mikumi na Kidodi kufuata sukari, lazima kwanza Kasian apite. Yaani watu mia tatu wamekaa ndani, wana haraka zao, wana kuku wao na watoto wao, wote wanalisubiri sikio la mtu mmoja. Alikuwa anatembea kama askofu.

Na kwenye kazi hiyo alikuwa na mtani wake, Cleopa.

Cleopa alikuwa Mnyamwezi, Kasian Msagara, na hao ni watani toka enzi za wapagazi. Kazi ya Cleopa ilikuwa kuunganisha na kufungua mabehewa, na mara nyingi kusafiri nayo. Mfupi, mwenye filimbi shingoni na mdomo usiolala. Asubuhi wakikutana hakuna habari za asubuhi wala nini.

"We mtu wa milimani, ule mguu wako mfupi umeendeleaje?" Maana Cleopa alikuwa anasema Wasagara wote wana mguu mmoja mfupi kwa kuishi kwenye mteremko.

"Haujambo, mpagazi. Babu yako aliacha mzigo wa watu pale kwetu, atarudi lini kuuchukua?"

Hata mke wa Cleopa, Yunis, mama mpole kwa watu wengine, kwa Kasian alikuwa mwiba. Akipita mbele ya nyumba yao kwenye kota za reli, anamtupia maneno kutoka jikoni. "Pita haraka, mguu mfupi, utanitisha kuku!" Kasian naye anajibu, "Hao kuku wenyewe uliwabeba kichwani kutoka Tabora, wamechoka kuliko wewe!" Siku asipotukanwa na Yunis alikuwa anauliza, kwani shemeji anaumwa?

Sasa Cleopa alikuwa na mchezo wake mmoja. Kasian akigonga gurudumu, yeye akiwa upande wa pili wa behewa anapiga kelele, "Limepasuka hilo!"

Na Kasian anamjibu, "Limepasuka kichwa chako!"

Kila siku. Kila treni. Miaka kumi na zaidi. Abiria wageni wanashtuka, wanachungulia madirishani, wenyeji wanacheka. Kasian mwenyewe hakuwa hata na haja ya kufikiria, maana sikio lake lilikuwa limeshamwambia. Utani ni utani, na gurudumu ni gurudumu.

Mwaka wa sabini na tatu, mwishoni mwa kiangazi, wakapelekwa wote wawili Kidodi, kuna mabehewa yalikuwa yamekaa muda yanatakiwa yakaguliwe. Joto kali, vumbi la malori ya miwa limetanda. Kasian alikuwa na tabia moja: gurudumu asilolielewa anachuchumaa, anagonga taratibu, sikio analisogeza karibu kabisa na chuma. Ndivyo alivyokuwa amekaa wakati lile komeo kubwa la mlango wa behewa, chuma kizito kama mchi, lilipochomoka juu likashuka.

Likampiga juu ya sikio la kulia. Kichwa kikaenda upande wa pili, kikagonga reli.

Cleopa alimkuta amelala, macho wazi. Damu inatoka sikioni, halafu baada ya damu yakaanza maji, meupe, membamba, yanadondoka matone matone kwenye kola ya shati. Cleopa akavua shati lake, akataka kulikunja azibe lile sikio. Mama mmoja muuza ndizi akamshika mkono. "Usizibe, baba. Acha yatoke." Cleopa akampakata hivyo hivyo kwenye treni mpaka Kilosa, kichwa cha mtani wake kwenye mapaja, na safari nzima, toka Kidodi, Mikumi, mpaka Kilosa, hakutania hata neno moja. Kasian baadaye alikuwa anasema hapo ndipo alipojua kwamba hali ni mbaya.

Hospitali alilala wiki nyingi. Nyuma ya sikio palikuwa peusi kama pamepakwa masizi. Uso wa upande wa kulia ukalegea, chai ikawa inamwagika pembeni ya mdomo, jicho halifumbi. Usiku mke wake, Marselina, alikuwa analifumba kwa kidole, analishikilia mpaka usingizi umchukue. Akiinuka kitandani dunia inazunguka, anashika ukuta. Na ndani ya kichwa nyenje, nyenje wale wa kiangazi, wanalia mchana na usiku na hawachoki.

Daktari akamweleza taratibu, kwa kumtazama usoni ili amwone mdomo.

"Mfupa unaobeba sikio ndio uliopasuka. Sikio la kulia limekwisha, sikufichi. La kushoto limetikiswa, limebaki nusu. Watu wakiongea karibu utawasikia. Lakini sauti nyembamba, zile za juu, kengele, ndege, hizo sidhani."

"Chuma je?" Kasian akauliza. "Chuma kikigongwa?"

Daktari akachukua kalamu. Kisha akaandika karatasi: huyu apimwe masikio kwanza kabla hajarudishwa kwenye kazi ya kugonga. "Hii mpe fomeni wako mkononi."

Kasian akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Njiani akamwambia Marselina, "Umesikia? Nina ufa." Akajaribu kucheka. Nusu ya mdomo ikacheka, nusu ikabaki vile vile.

Uso ulirudi, karibu wote. Kizunguzungu kikapungua. Siku moja mchana, Marselina yuko uani anaosha vyombo, Kasian akatoka na kijiko cha mti. Kulikuwa na vyungu viwili vya mama yake, kimoja kizima, kingine Marselina alikuwa amekipasua kidogo kwenye mwezi ule wa hospitali, akakigeuza ule ufa ukaelekea ukutani. Kasian akachuchumaa. Akagonga cha kwanza, akatega sikio la kushoto. Akagonga cha pili. Akarudia. Tu. Tu. Vyote vilikuwa vinasema tu, kama mtu anayeongea nyuma ya blanketi.

"Kimoja kina ufa," Marselina akasema. Yeye mwenyewe hakujua kwa nini amesema.

"Najua. Hiki hapa."

Alikuwa ameshika kile kizima.

Marselina akainuka. Akakichukua kile chenye ufa, akakipeleka nyuma ya nyumba, akawatilia kuku maji. Kasian akamfuata kwa macho, akaona.

Hapo mtu angesema, si apeleke tu ile karatasi? Rahisi kusema. Ule mwaka operesheni ya vijiji ilikuwa imepita Malolo. Mama Anastazia, na uzee wake, alikuwa amepakiwa kwenye lori na mikeka yake, akashushwa kwenye kijiji kipya ambako nyumba zimepangwa mstari kama mabehewa, na udongo wake ni mchanga mtupu, haufinyangiki. Nyumba ya zamani ilishaezuliwa. Kasian angerudi kwa nani, na angerudi kama nani? Milimani kote walikuwa wanamjua kwa jina moja tu: yule wa sikio. Karatasi ikaingia ndani ya kitabu cha sala, na Kasian akarudi kwenye reli.

Na akabuni mbinu. Akigonga, mkono wa pili anauweka kwenye gurudumu, anasikiliza kwa vidole. Gurudumu zima linatetemeka muda mrefu, lenye ufa linakufa upesi. Ilifanya kazi! Mwaka mzima ilifanya kazi. Mara mbili alikamata magurudumu mabovu kwa vidole tu, akaweka msalaba, akatembea tena kama askofu. Watu wakisema naye anawatazama midomo. Bwana Yeremia akimwita kwa nyuma asipoitika, anasema, "Nilikuwa nawaza, fomeni."

Cleopa ndiye aliyemharibia, au kumsaidia, hata haijulikani useme lipi. Toka siku ya kwanza alianza utani mpya. "Jamani, tuna mgonga magurudumu kiziwi! Reli nzima inaongozwa na kiziwi!" Stesheni yote inavunjika mbavu. Bwana Yeremia anacheka mpaka kofia inateleza. Kasian anacheka kuliko wote. Siri yake inatangazwa kila asubuhi kwa sauti kubwa na hakuna anayeiamini, kwa sababu imesemwa na mtani.

Kitu kimoja tu Kasian hakukitia maanani. Zamani Cleopa alikuwa anatembea naye upande wowote. Siku hizi alikuwa anatembea upande wake wa kushoto.

Masika ya sabini na tano, mvua haikatiki, mto umejaa. Treni ya mizigo ya kwenda Kidodi ikawa imechelewa. Asubuhi, ukungu, magurudumu yametapakaa tope mpaka juu. Kasian anagonga, anagusa. Mikono imekufa ganzi kwa baridi. Tope linameza mtetemo. Behewa la kwanza, tiki. La pili, la tatu. Akafika la nne, akagonga gurudumu la nyuma, akaweka vidole.

Akamwona Cleopa upande wa pili, ameinama, anamtazama kupitia chini ya behewa. Mdomo ukasema, "Limepasuka hilo!"

"Limepasuka kichwa chako!"

Kasian akachukua chaki.

Cleopa hakuondoka. Bado ameinama, mvua inamchuruzika kwenye pua. "Kasian. Kweli. Limepasuka."

Kasian akacheka. Sasa alitakiwa afanye nini? Agonge tena asikilize nini? Mbele ya dereva, mbele ya gadi, aonekane anasitasita? Miaka yote hiyo ilikuwa ni utani, na leo pia uso wa Cleopa ulikuwa ni uso ule ule. Zamani sikio lingemwambia. Sasa alikuwa na maneno ya mtani tu, na maneno ya mtani hayashikwi.

"Panda gari lako, mpagazi, mzigo unakusubiri."

Akaweka tiki.

Cleopa akaitazama ile tiki. Labda akajitilia shaka mwenyewe, kwamba huenda amesikia vibaya. Yeye ni nani, na sikio la Kasian ni sikio la Kasian. Gadi akapunga bendera. Cleopa akapuliza filimbi, ambayo Kasian hakuisikia, akadandia behewa hilo hilo la nne, akageuka akapiga saluti, mguu mmoja ameukunja uwe mfupi, anachechemea hewani.

Hawakufika Mikumi. Gurudumu lilifunguka kama kibuyu, behewa moja tu likaanguka, mtu mmoja tu akafa.

Habari zilipofika stesheni, Kasian alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi. Aliiona midomo ya Bwana Yeremia. Kitu cha kwanza alichokifikiria hakikuwa kifo. Alifikiria: alisema mara mbili. Miaka yote alikuwa anasema mara moja.

Msiba ukawekwa kwa Yunis. Na msiba wa mtu kama Cleopa hauendi bila watani. Watani ndio wachimbaji wa kaburi, ndio wenye ruhusa ya kuchekesha waliofiwa ili kilio kisiwaue. Na mtani mkuu wa Cleopa alikuwa nani? Hata mtoto mdogo alikuwa anajua. Wazee wa Kinyamwezi wakamfuata Kasian, wakampa kofia ya marehemu na ile filimbi. "Haya, mtani. Msiba wako huu."

Angekataaje? Akaivaa kofia. Akatembea kama Cleopa, tumbo mbele. Watu wakaanza kucheka huku machozi yanatoka. Kaburini akashuka shimoni kabla ya jeneza, akalala chali, kama watani wanavyofanya, akasema hatoki mpaka wamlipe. Watu wakarusha senti. Akainuka, udongo mgongoni, akasimama mle ndani, na kofia ya rafiki yake kichwani.

"Mimi ndiye niliyemuua," akasema.

Wakacheka.

"Nisikilizeni! Mimi ni kiziwi. Aliniambia limepasuka. Mimi sisikii, toka Kidodi sisikii, naweka chaki tu!"

Ah, walicheka! Hicho kilikuwa kichekesho bora kuliko vyote, maana kilikuwa cha marehemu mwenyewe, reli inaongozwa na kiziwi! Mtani anamrudishia mwenzake utani wake kaburini, nani aliwahi kuona? Wanawake walishikana mabega. Kasian, kutoka shimoni, alikuwa anaona midomo tu, midomo mingi imefunguka juu yake kwenye anga la mvua, na hakuna sauti, nyenje tu. Akamtafuta Yunis. Toka juzi Yunis alikuwa hajala wala hajasema. Yunis naye alikuwa anacheka. Kicheko cha kwanza toka afiwe, ameshikiliwa huku na huku, anacheka na kulia pamoja.

Marselina peke yake alikuwa ameinamisha kichwa.

Kasian akatoka shimoni. Akamaliza kazi ya mtani mpaka mwisho.

Kesho yake akatoa ile karatasi ndani ya kitabu cha sala. Akaenda kwanza ofisini, akaiweka mezani pamoja na nyundo. Bwana Yeremia akasoma, akaangalia tarehe, akasoma tena. Akavua kofia, akaishika mapajani.

"Cleopa alikuwa ananiambia kila siku," fomeni akasema. "Na mimi nacheka."

Hakumgombeza. Heri angemgombeza.

Halafu akaenda kwa Yunis. Hakuwa na kofia ya mtu, hakuwa na filimbi. Akaketi chini, kwenye udongo wa uani, mbele ya wanawake waliokuwa wanaosha sufuria za msiba. Yunis alipomwona akaanza, kwa mazoea, "Na wewe mguu mfupi, umefuata makombo..."

"Shemeji, leo sitanii."

Akampa karatasi. Yunis alikuwa amejifunza kusoma juzi juzi tu kwenye madarasa ya watu wazima, Cleopa ndiye aliyemsukuma. Akasoma polepole, kidole chini ya kila neno. Kasian akamsimulia yote, chungu, vidole, tope, mara ya kwanza na mara ya pili. Alipomaliza, Yunis akaikunja karatasi vizuri, kwenye mikunjo yake ile ile, akamrudishia. Akaingia ndani.

Kasian hakufungwa. Watu wakubwa walikuja wakaandika, wakaondoka. Alipewa kazi ya kufyeka nyasi kando ya reli, na aliifanya miaka mingi. Treni zikija alikuwa anazijua kwa miguu, ardhi inamwambia. Nyundo akapewa mwingine.

Kwenda kazini lazima apite mbele ya kota ya Yunis, njia ni hiyo hiyo moja. Asubuhi ya kwanza alipita polepole, anatazama mlango wa jikoni, anasubiri. Hata tusi moja tu. Hata mguu mfupi.

Yunis akatoka. Akafuta mikono kwenye kanga, akapiga goti kidogo kama binti aliyelelewa vizuri anavyomwamkia mzee asiyemzoea. Kasian aliuona mdomo wake wazi kabisa, hakuhitaji sikio.

"Shikamoo."

Akasimama pale na fyekeo lake begani. Kuku walikuwa wanadonoa miguuni kwake, hakuna aliyewatetea. Ikambidi aitike, maana salamu hiyo haiachwi.

"Marahaba," akasema.

Na kila asubuhi baada ya hapo, mpaka wanazeeka wote wawili, ilikuwa ni hivyo hivyo.